Neno la mwezi: "Fine"

Ndugu msomaji, neno la safari hii ni fupi, na bila shaka umelisikia tangu siku uliyoshuka kwenye ndege. Linaandikwa "fine" na kutamkwa "fain", silabi moja tu, bila irabu mwishoni. Ukisema "faini" wataelewa, usihofu. Tumelichagua kwa sababu linawaponza watu wazima wenye akili zao, hasa wakiwa wagonjwa.

Tuanze na salamu. Kwetu mtu akiuliza "Habari?" unajibu "Nzuri", hata kama umekesha na homa. Halafu ndipo mengine yanafuata: "Nzuri, ila mguu unanisumbua." "Nzuri, lakini tumefiwa." Aliyekuuliza anajua hivyo, kwa hiyo anaisubiri hiyo "ila". Mmarekani anayekuuliza "How are you?" dukani au kwenye lifti hasubiri kitu. Ukimjibu "Fine, thank you", mmemalizana na keshapita. Usidhani amekudharau, salamu yao ndiyo hiyo.

Shida inakuja pale muuguzi anapouliza kwa maneno hayohayo. Mama mmoja wa darasa letu alikwenda kliniki kwa uchunguzi wa kawaida, huku tumbo likimuuma kwa wiki 2. Muuguzi akamuuliza, "How are you today?" Mama akajibu kwa adabu, "Fine", kisha akasubiri aulizwe tena ili aseme la tumbo. Hakuulizwa tena. Akapimwa uzito na presha, akaambiwa mambo yote yako sawa, akarudi nyumbani na tumbo lake. Kosa lilikuwa letu sisi walimu: tulimfundisha kusema "fine", hatukumfundisha mahali pa kutolisema.

Basi mbele ya daktari, muuguzi au watu wa ambulensi, usianze na "fine". Anza na kinachouma. "Not good. My stomach hurts." Au "I have pain here", na uoneshe kwa kidole. Sarufi haina kazi hapo. Mara nyingi watakuomba utaje namba kuanzia 0 hadi 10: 0 ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu makali kuliko yote. Wanaume wetu hupenda kusema 3 huku wanauma meno. Taja namba ya kweli, maana ndiyo inayoandikwa kwenye faili lako. Kiingereza kikigoma, sema "Swahili interpreter, please." Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inatakiwa kukupatia mkalimani bila wewe kulipa, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Tafadhali usimfanye mtoto wako mkalimani wa ugonjwa wako.

Kazini ni vilevile. Umeteleza kiwandani, au boksi limekuangukia mgongoni. Msimamizi anakuja mbio: "Are you OK?" Wenzako wanakutazama, aibu imekushika, mdomo unatoka wenyewe: "I'm fine, I'm fine!" Kesho yake mgongo hauinuki, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ya msimamizi ni kwamba ulisema u mzima. Fidia ya kuumia kazini ina muda wa kutoa taarifa, na muda huo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Kwa hiyo jibu: "I fell. I don't know yet. Please write it down." Yaani: nimeanguka, sijajua bado hali yangu, tafadhali andika.

Mezani "I'm fine" lina maana nyingine kabisa. Jirani akikuuliza, "Would you like some tea?" nawe ukajibu "I'm fine", amesikia "Hapana, asante." Kwetu mwenyeji angekushurutisha mpaka unywe. Hapa kikombe kinarudi kabatini. Kama unataka chai, sema "Yes, please" mara ya kwanza anapouliza.

"That's fine" ni "sawa, hakuna shida", na "Is Tuesday fine?" ni kuuliza kama Jumanne inakufaa. Lakini mtu akisema "Fine" peke yake, kwa sauti kavu, anasema "Haya, fanya utakavyo!", na amekasirika. Wenye watoto wa miaka 14 watakuwa wameshaijua hiyo.

Sasa ile ya kulipa. Neno letu "faini" limetokana na hilihili "fine". Wenzetu wa Bukavu na Goma mnasema "amande". Kibao cha barabarani kikisema "Fines doubled", hapana chochote kizuri kilichoongezwa: faini hapo ni mara mbili, kwa kawaida kwa sababu mafundi wanatengeneza barabara. Karatasi iliyobanwa chini ya waipa ya gari lako huitwa "ticket", na "fine" ni kiasi unachodaiwa. Itazame tarehe ya mwisho, kwani ukichelewa deni huongezeka. Ukiona hukutendewa haki, usiitupe. Tuletee darasani tusome pamoja namna ya kupinga. Dalili ya kuitambua maana hii ni neno "pay" au alama ya dola iliyo karibu.

Inasemekana neno moja haliwezi kuwa zuri na baya. Hili linaweza, na asili ni moja: lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, likiwa na maana ya "mwisho". Faini ilimaliza kesi, na kitu kizuri ni kilichofikishwa mwisho wa ufundi.

Limebaki "fine" la kitu chembamba au kidogo. "Fine salt" ni chumvi laini. "Fine print" ni yale maandishi madogo chini ya mkataba wa nyumba au wa simu, na mara nyingi ndimo gharama za kuvunja mkataba zilimoandikwa. Usitie sahihi kabla ya kusomewa.

Zoezi la nyumbani: kaeni wawili wawili. Mmoja awe muuguzi, aulize "How are you today?" Mwenzake ajibu mara 5, kila mara kwa ugonjwa tofauti, bila kutamka "fine" hata mara moja.