Namna ya Kuisoma Ngao: Jani la Chai katika Nembo ya Nchi

Ngao ya nembo si pambo tu. Ni habari iliyoandikwa kwa picha na rangi badala ya herufi, na yafaa kila raia ajue kuisoma. Desturi hii ilianza Ulaya katika karne ya 12, wakati askari wapanda farasi walipovaa kofia za chuma zilizofunika uso. Rafiki na adui hawakuweza kutambulikana. Basi kila mkuu akachora alama yake juu ya ngao. Baadaye miji nayo ikajichagulia alama, ikazitia katika mihuri ya barua na juu ya milango ya mabaraza.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na ngao yake. Simba wawili wameishika, kila mmoja ana mkuki. Na katikati ya ngao yuko jogoo mwenye shoka. Rangi nyeusi ni watu wa nchi, nyekundu ni mapigano ya kutafuta uhuru, kijani ni ardhi na mazao, nyeupe ni umoja na amani. Chini ya ngao ni Mlima Kenya pamoja na kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi, na chini kabisa neno Harambee. Mtu wa Kericho au wa Bomet akiitazama nembo hiyo, hulikuta humo zao la kwao.

Hata hivyo, chai si mmea wa asili wa nchi hiyo. Ilipandwa Kenya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na wakati ule Kericho ilikuwa malisho na makonde ya Wakipsigis. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali ya Koloni ilitenga ekari 25,000 kwa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, ili wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mpango ule ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai, kwa kuwa nchi iko juu na mvua haikosi miezi mingi ya mwaka.

Wenyeji walipoteza ardhi yao, na wengine walipoteza zaidi. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria maalum ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao walikuwa viongozi na waaguzi wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatambua madai ya Wakipsigis na Watalai kwamba walidhulumiwa.

Jani hilo lina upande wa pili pia. Mwaka 1964 iliundwa Mamlaka ya Kustawisha Chai, nao wakulima wadogo wengi wakapata miche, mafunzo na soko. Mchumaji wa chai bora huchukua majani mawili na chipukizi tu, na kwa kazi hiyo watoto wengi wamelipiwa karo ya shule.

Bomet ilitengwa na Kericho kuwa wilaya mwaka 1992. Mwaka 2013 zote mbili zikawa kaunti, na mabaraza ya miji ya zamani yakakoma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kila kaunti iwe na bendera, ngao na muhuri wake. Alama hizo zisifanane na za taifa. Wananchi washauriwe katika kuzitunga, kisha baraza la kaunti lizipitishe kwa sheria.

Amri hiyo ya kushauriana ina maana kubwa mahali kama Kericho. Jani moja likichorwa juu ya ngao, mkulima mdogo ataona ndani yake karo ya watoto wake, na jamaa ya Talai watakumbuka safari ya Gwassi. Wote wawili wanalisoma sawasawa. Kwa hiyo msomaji anapoitazama nembo ya mahali popote, asitosheke na kuuliza ni picha ya nini. Aulize pia ni nani walioketi pamoja wakakubaliana ichorwe, na ni nani ambao hawakuitwa.