Chembe Inachukua Muda Gani Kupenya Kizuizi?

Wenzangu wa fizikia, swali hili lilinikosesha maksi, basi someni mapema. Katika kwantamu mahali pa chembe pana opereta yake, lakini muda hauna. Muda ni ile t tu, namba tunayoisoma kwenye saa ya maabara.

Sasa chembe ikipenya kizuizi ambacho nishati yake haitoshi kukiruka, imekaa mle ndani kwa muda gani? Mimi niligawanya unene kwa mwendo. Wapi! Mle nishati ya mwendo inatoka hasi, na ukitafuta mwendo unaangukia kipeuo cha pili cha namba hasi.

Dawa ni kuipa chembe saa yake. Mwaka 2020 kundi la Aephraim Steinberg, Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilitumia atomi za rubidiamu zilizopozwa sana na kizuizi cha mwanga wa leza, unene mikromita 1.3. Ndani ya mwanga huo tu ndipo spini ya atomi hugeuka, na pembe iliyogeuka inatoa muda: milisekunde 0.61 hivi.

Ila spini huinama pia, kwa sababu kupima kwenyewe kunaisumbua. Saa nyingine yaweza kutoa jibu jingine, kwa hiyo kwenye mtihani taja kwanza umetumia saa gani.