Utangulizi wa Miongozo ya Programu za Kompyuta: Mtumiaji wa Ufipa

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza sehemu ya mwanzo ya miongozo ya programu za kompyuta kwa kumzingatia msomaji wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa. Hoja inayotetewa ni kwamba utangulizi si pambo la mwongozo bali ni somo lake la kwanza.

2.0 Usuli
Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinapatikana. Hata hivyo, istilahi pekee hazimfundishi mtu kazi. Mwaka 2017 Serikali ilianzisha FFARS, mfumo wa uhasibu na utoaji wa taarifa za fedha kwa zahanati, vituo vya afya na shule za umma. Kwa hatua hiyo, uhasibu wa kompyuta uliwafikia waganga na walimu, ambao taaluma yao ni nyingine kabisa. Katika vijiji vya Nkasi na Kalambo, mtumishi wa namna hiyo yuko mbali na makao makuu ya halmashauri, Namanyere au Matai. Mwongozo ndio mwalimu aliye karibu naye.

3.0 Uchambuzi
Katika kitabu chake The Nurnberg Funnel (1990), John M. Carroll alionyesha kwamba wanaojifunza programu huruka maelezo marefu ya awali kwa kuwa wanataka kuanza kazi. Ilinganishwe mifano miwili ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu:

(1) Mfumo huu ni jukwaa jumuishi lililobuniwa kuimarisha ufanisi na uwajibikaji.

(2) Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi na mwalimu mkuu. Ukiufuata, utaweza kuingiza malipo ya dawa au chaki na kuchapa taarifa ya mwezi. Kabla ya kuanza, uwe na nywila na stakabadhi zako. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, ingiza upya malipo ya mwisho.

Katika (1) kiima ni mfumo, msomaji hayumo. Aidha, kwa aliyelelewa katika Kifipa au Kimambwe na kukipata Kiswahili shuleni, jukwaa ni mahali pa kuhutubia mkutano, na jumuishi halimwongezei maana. Katika (2) nafsi ya pili inamtambua msomaji, nacho kiambishi -ki- cha masharti kinaunganisha tendo na matokeo yake. Neno stakabadhi analijua kutoka dukani. Tatizo la umeme nalo limetajwa kabla halijamtisha.

4.0 Hitimisho
Utangulizi unaofaa hujibu maswali manne kwa mpangilio huu: mwongozo ni wa nani, utamwezesha kufanya nini, ahitaji nini kabla ya kuanza, na afanyeje mambo yakiharibika. Historia ya mfumo, shukrani na orodha ya vifupisho vikae mwishoni. Suala hili si la mtindo tu. Mtumishi aliyekwama katika ukurasa wa kwanza huenda akamkabidhi mwingine nywila yake ili amjazie taarifa, ilhali dhamana ya fedha za umma hubaki mikononi mwake.