MAHAKAMA YA KUZIMU: Mizimu katika Hadithi za China ya Kale



Mwaka jana nilifanya mtihani wangu wa mwisho, nikashindwa. Nilipofika nyumbani, baadhi ya jamaa zangu walisema kwamba jambo hili si bure, nimefanyiwa kitu. Wakamtaja na mtu mwenyewe, mama mmoja mjane, jirani yetu. Mimi sikuwa na la kujibu. Nikarudi shuleni kurudia darasa, na katika maktaba yetu nikaazima vitabu viwili vya hadithi za China ya kale vilivyotafsiriwa. Nilivisoma kwa kujifurahisha tu, maana vimejaa mizimu, majoka na mbweha wanaogeuka kuwa wanawake wazuri. Kumbe ndani yake mlikuwa na jibu nililokuwa nikilitafuta. Napenda kuwaeleza niliyojifunza, kwa kuwa naamini yatawafaa wengi.

Kwanza yafaa tujue jinsi Wachina wa zamani walivyoufikiri ulimwengu wa roho. Walikuwa na mafundisho matatu makubwa: ya Confucius, ambaye alisisitiza heshima kwa wazazi na wahenga, ya Tao, na ya Buddha, yaliyotoka India. Watu wengi hawakuchagua moja na kuyaacha mengine, bali walichanganya yote. Na kwa kuwa nchi yao ilitawaliwa na Kaizari kwa mkono wa maofisa wengi wenye vyeo na madaftari, waliona kwamba mbinguni na kuzimu nako kuna serikali ya namna hiyo hiyo. Mbinguni alikuwako Kaizari wa Yaspi. Kuzimu walikuwako wafalme kumi, kila mmoja na baraza lake la hukumu. Hata jikoni mwa kila nyumba palikuwa na mungu mdogo, ambaye mwisho wa mwaka alipanda mbinguni kupeleka taarifa ya mambo ya nyumba ile. Wenye nyumba walimpa vitu vitamu vya kunata, ili aseme maneno matamu, au mdomo ushikane asiseme kitu.

Kila mji ulikuwa na mungu wake mlinzi, aitwaye Chenghuang. Mwaka 1369 Kaizari wa kwanza wa enzi ya Ming aliwapa miungu hao vyeo, kila mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa mji wake, kama vile tungesema huyu mkuu wa mkoa na yule mkuu wa wilaya. Ofisa mpya alipofika mjini, ilimpasa kwenda hekaluni kula kiapo mbele ya mwenzake asiyeonekana.

Sasa tutazame hadithi tatu.

Ya kwanza imo katika kitabu kiitwacho Safari ya Magharibi, kinachosemekana kuandikwa na Wu Cheng'en, na kilichopigwa chapa mwaka 1592. Kinahusu mambo ya enzi ya Tang, karibu miaka elfu kabla ya hapo. Kaizari Taizong, ambaye alikuwa mtu wa kweli na alitawala tangu mwaka 626 hata 649, katika hadithi anakufa na kushuka kuzimu. Lakini waziri wake alikwisha kumpa barua ampelekee rafiki yake wa zamani, ambaye sasa ni karani wa daftari la uhai. Karani akalifungua daftari, akaona Kaizari ameandikiwa kufa katika mwaka wa 13 wa utawala wake. Katika maandishi ya Kichina, moja ni mstari mmoja uliolazwa, na tatu ni mistari mitatu. Basi karani akachukua kalamu haraka, akaongeza mistari miwili, na 13 ikawa 33. Kaizari akapata miaka 20 zaidi kwa wino kidogo!

Kabla ya hapo, alipokuwa akiingia kuzimu, alikuwa amekutana na ndugu zake wawili, wakamkamata wakimdai roho zao. Hapa mwandishi anagusa historia yenyewe, maana mwaka 626 Taizong aliwaua ndugu zake kweli penye lango la jumba la kifalme, ndipo akapata utawala. Alipokuwa akirudi duniani alizuiwa na umati wa roho zenye njaa, wasio na mtu wa kuwakumbuka. Kaizari mzima hakuwa na senti ya kuwapa. Ikambidi kukopa fedha iliyowekwa kuzimu na maskini mmoja muuza maji, ambaye yeye na mkewe walikuwa wakichoma fedha za karatasi kama sadaka. Aliporudi akataka kulipa, na wale maskini wakakataa kupokea, kwa kuwa hawakujua kabisa kwamba walikuwa matajiri huko.

Hadithi ya pili na ya tatu ni za Pu Songling, na huyu ndiye aliyenigusa zaidi. Alizaliwa mwaka 1640 katika jimbo la Shandong. Alipokuwa na miaka 19 kwa hesabu ya Kichina, yaani umri wangu mimi, alifanya mtihani wa kwanza wa serikali akawa wa kwanza. Watu wakadhani atafika mbali. Lakini mtihani wa pili, ambao ulifanywa katika mji mkuu wa jimbo, kila mtahiniwa akiwa peke yake ndani ya kijumba chembamba, ulimshinda. Akarudia, akashindwa. Akarudia tena na tena mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliishi kwa kufundisha watoto katika nyumba ya watu wakubwa, na wakati wa nafasi aliandika hadithi za ajabu, karibu 500. Alipokwisha kupita miaka 70 alipewa cheo kidogo cha heshima. Akafa mwaka 1715, na hadithi zake hazikupigwa chapa mpaka mwaka 1766.

Hadithi ya kwanza katika kitabu chake ni ya mtihani. Mwanachuoni mmoja, aitwaye Song, alikuwa mgonjwa kitandani. Akaja mjumbe na farasi, akamwambia aende kufanya mtihani. Akapelekwa katika jumba kubwa, akapewa karatasi na wino pamoja na mtahiniwa mwingine. Katika jibu lake aliandika kwamba mtu atendaye mema kwa kutaka sifa hastahili thawabu, na akoseaye bila kukusudia hastahili adhabu. Wasimamizi wakafurahi, wakampa kazi ya kuwa mungu wa mji. Hapo ndipo alipofahamu kwamba amekwisha kufa. Akalia, akasema ana mama wa miaka 70 asiye na mtu wa kumtunza. Daftari likafunguliwa, ikaonekana mama amebakiza miaka tisa. Basi wakamruhusu arudi, na yule mtahiniwa mwingine akashika kazi kwa muda. Baada ya miaka tisa mama akafa, mwanawe akamzika vizuri, ndipo akaenda kazini kwake. Fikirini, mtu aliyeshindwa mitihani ya dunia anatuonyesha mtihani ambao wasimamizi wake wanatazama moyo, na wanajua kuhurumia mzazi.

Hadithi ya tatu ni ya kijana Xi Fangping. Baba yake alikuwa na ugomvi na tajiri mmoja aliyekwisha kufa. Huyo tajiri akawapa hongo wakubwa wa kuzimu, nao wakampiga mzee hata akafa. Roho ya Xi ikatoka mwilini kwenda kumdai haki baba yake. Akamshitakia mungu wa mji, lakini huyo alikwisha kula mlungula. Akaenda kwa mkubwa wake, akapigwa. Akaenda kwa mfalme wa kuzimu mwenyewe, naye pia alikuwa amepokea. Wakamchapa viboko, wakamlaza juu ya kitanda cha chuma chenye moto, kisha wakamkata kwa msumeno tangu kichwani hata chini. Askari waliokata walimwonea huruma, wakaupindisha msumeno usiudhuru moyo wake. Hata hivyo hakunyamaza. Wakamdanganya, wakamfanya azaliwe upya mtoto katika nyumba nyingine, lakini akakataa kunyonya, akafa siku ya tatu, akaanza tena kutafuta hakimu. Mwisho akampata mungu Erlang, ambaye aliwahukumu wote, mfalme, wakubwa na yule tajiri. Baba akarudishiwa uhai, akapewa miaka 36 zaidi.

Nilipomaliza hadithi hii nilijiuliza: je, Pu Songling alikuwa anasema juu ya wafu? Siku zile haikuwa salama kuwasema wakubwa. Mwaka 1663, yeye akiwa kijana, watu wapatao 70 waliuawa kwa ajili ya kitabu kimoja cha historia kilichowachukiza watawala wa enzi ya Qing. Kwa hiyo mtu aliyetaka kusema kwamba maofisa wanakula hongo na maskini hawapati haki, ilimfaa kulipeleka shauri hilo kuzimu. Msomaji aliwajua vizuri hao walioketi katika baraza lile.

Sisemi kwamba watu wale hawakuamini mizimu. Wengi waliamini, na huenda mwandishi naye aliamini nusu. Ninalosema ni hili: usikiapo habari ya mizimu, usiulize tu kama ni kweli au uwongo. Uliza pia, hapa anasemwa nani wa duniani? Katika hadithi ya Taizong ni ndugu waliouawa, na maskini wasiohesabiwa. Katika ile ya Song ni wasimamizi wa mtihani. Katika ile ya Xi ni mahakimu wala rushwa.

Likizo iliyopita niliuliza swali hilo hilo nyumbani kwetu. Yule mama mjane anasemwa kwa sababu gani? Nikakumbuka kwamba kabla ya mtihani wangu, kwa miaka mitatu, palikuwa na ugomvi juu ya mpaka kati ya migomba yetu na yake. Hakuna aliyemwita mchawi kabla ya ugomvi huo. Na mtihani wangu je? Nilijua moyoni kwamba maswali ya hesabu niliyaacha matupu, kwa kuwa muhula mzima nilikuwa nikicheza mpira wakati wa kujisomea. Mjane hakuwapo uwanjani.

Nikamweleza baba, tukiwa wawili tu, kwa adabu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, maneno ya mpaka ni ya wazee, nitayapeleka kwa wazee.” Shauri bado halijaisha, na shangazi yangu mmoja amenikasirikia hata leo. Lakini sasa watu wanabishana juu ya hatua za shamba, ambazo zaweza kupimwa kwa kamba, wala si juu ya roho ya mwanamke mzee asiye na mtetezi.

Pu Songling alirudia mtihani wake mpaka uzeeni, wala sikuona mahali alipomtaja jirani. Mimi nitaufanya wangu tena mwisho wa mwaka huu, na safari hii nimeanza na hesabu. Vitabu vile viwili nimevirudisha maktabani, anayetaka na avichukue.