Tui Kujitenga Si Tui Kukatika

Mtaalamu wa teknolojia ya chakula anajibu barua za wasomaji

Wasomaji wa Tanga, Kilifi na Unguja wanauliza jambo moja: tukifungua kopo la tui tunakuta utando mzito juu na maji chini. Kiwanda kimetuibia?

Hapana, na tuache kuwazushia watu wizi kwa ushahidi huo. Tui ulilolikamua mwenyewe, ukiliacha bakulini saa chache, litafanya vivyo hivyo, na nazi uliikuna wewe. Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, kila tone limevikwa ngozi nyembamba ya protini ya nazi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo matone hupanda na kusongamana juu, lakini kila moja lingali ndani ya ngozi yake. Huko ni kujitenga. Tikisa kopo, tui linarudi.

Kukatika ni jambo jingine kabisa. Ngozi imeharibika, protini imegandana mabonge, matone yameungana na mafuta yanaelea wazi. Hapo utatikisa mpaka mkono uchoke. Ninaumia kusikia mtu amemwaga tui zima kwa sababu tu limejitenga.

Kasi ya kupanda inategemea ukubwa wa tone: likipungua kipenyo kwa nusu, hupanda polepole mara nne zaidi. Ndiyo maana viwanda hulipitisha tui kwenye mashine ya mgandamizo mkubwa inayopasua matone, kisha vingi huongeza gundi kidogo ili maji yenyewe yawe mazito. Ukitaka kujua umeuziwa maji kiasi gani, acha kutazama utando, soma lebo. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2003 kinataka tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na krimu ya nazi asilimia 20.

Gundi! Kumbe tunalishwa plastiki?

Hapana. Gundi ya guar ni unga wa mbegu za mmea wa jamii ya kunde, unaolimwa zaidi India na Pakistan. Gundi arabu ni utomvu wa migunga. Sudan ndiyo inayoongoza kuizalisha, na kaskazini mwa Kenya pia hukusanywa. Hii ya pili ni ya ajabu kweli. Karibu yote ni minyororo ya sukari yenye matawi, pamoja na protini kidogo sana. Protini hung'ang'ania tone la mafuta, matawi hutanda majini na kuyazuia matone mengine yasisogee. Ndiyo inayoshikilia mafuta ya maganda ya machungwa ndani ya soda. Plastiki haimo.

Mbona mchuzi wangu wa samaki hukatika nikikamulia ndimu?

Protini za nazi hubeba chaji inayofanya matone yasukumane. Asidi ya ndimu au ukwaju huiua chaji hiyo, na moto mkali hugandisha protini zenyewe. Ukivileta vyote viwili pamoja, tui halina pa kushika. Tia tui zito mwishoni, moto mdogo, koroga. Ndimu ingoje sufuria ishuke.

Sokoni nimeuziwa unga mweupe usio na lebo, eti tui halitakatika kamwe.

Utupe.

Haradali kwenye mayonezi ni ya ladha tu?

La. Kazi kubwa hufanywa na kiini cha yai, lakini ute wa haradali na chembe zake zilizosagwa laini husaidia kushikilia mafuta. Chembe inayolowa kiasi kwa maji na kiasi kwa mafuta hukaa mpakani mwa viwili hivyo, na kuing'oa ni kazi ngumu. Ramsden mwaka 1903 na Pickering mwaka 1907, wote Waingereza, waliliandika hilo.

Tui langu la asubuhi hukaa mezani hadi jioni bila kukatika. Si bado zima?

Barua hii ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Tui halina asidi ya kutosha kuzuia bakteria, lina maji tele na chakula tele, na joto la pwani linawafaa. Wanaweza kuzaana humo huku tui likibaki laini, jeupe, la kupendeza. Gundi haiwaui. Lisilopikwa ndani ya saa mbili liingie kwenye friji, na hilo lililoshinda mezani limwage leo, hasa kama kuna mtoto nyumbani.