Dondoo muhimu: Gemu yako kongamanoni

Unatoka Chumbageni, Tanga, kwenda kuonyesha gemu yako kongamanoni Nairobi kupitia mpaka wa Horohoro? Iweke kwenye simu mbili, moja ya bei nafuu, na icheze bila intaneti. Mtandao wa ukumbini huelemewa watu wakijaa. Hedifoni na pawabenki usisahau.

Mgeni akifika mezani pako mpe simu, kisha nyamaza. Tazama kidole gumba chake: kinapokwama ndipo pa kurekebisha, andika papo hapo. Kutazama huko kunazidi hotuba yoyote.

Usione haya kuchora majahazi na bandari ya Tanga kwenye gemu yako. Gemu ya Aurion ya studio ya Kiro'o Games, Kamerun, ilijengwa juu ya hekaya za Kiafrika na imeuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam tangu 2016.

Mwekezaji akikusimamisha, mtajie kiasi cha fedha unachohitaji na utakitumia kufanya nini.