Chemsha Bongo: Tusijaze kwa Kukisia

Ukifungua chemsha bongo ya siku ndani ya basi la Nyamirambo, anza na mada. Ikiwa ni "Ramadhani", majibu mengi yatatoka humo. Kisha hesabu visanduku, ujaze kwanza lile uliloliyakini.

Mfano: "Sala ya usiku", herufi 5. ISHAA inaenea. Lakini herufi ya 4 inakutana na ile ya kwanza ya RAMADHANI, nayo ni R. Basi jibu ni WITRI.

Herufi inayokutana ni shahidi. Ukimkosa, acha wazi, kwani kosa moja huharibu maneno yote yanayolipitia.

Na mwenzako chuoni akikuuliza hukumu ya saumu, usimjazie kwa kukisia. Mwambie, "Sijui, tukamuulize sheikh." Hapo hakuna kifutio.